Sifuri inayohama: namna chipu ya Hall inapima mkondo, na namna ilitukaushia vitunguu

Leo sileti habari ya mbegu wala ya mbolea. Ninaleta habari ya kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kilinidanganya kiangazi kilichopita. Ni kusema, nilijidanganya mimi mwenyewe, kipande kilikuwa kinasema ukweli wake. Mutaona.

Kuna kikundi kimoja cha wamama mu bonde la Ruzizi, wanalima vitunguu na nyanya. Wako na pompi ya volti 24 inayozunguka na pano za jua, inavuta maji ku kisima. Kiangazi kikikaza, maji ya kisima inashuka mchana, kisha inarudi polepole. Pompi ikikosa maji na ikaendelea kuzunguka, ile raba ya kuzuia maji karibu na mhimili inaungua, sababu raba yenyewe inapozwa na maji inayopita. Juu ya ile, kila siku mama mmoja alikuwa anabaki pale kuchunga pompi, tangu asubuhi hadi saa kumi, mtoto ku mgongo. Mimi nikasema: mama, muache, nitawatengenezea kisanduku cha kuchunga.

Wazo lilikuwa rahisi. Pompi yetu ikivuta maji vizuri inakula ampere 8. Ikizunguka kavu, inakula 4.5 tu, juu haina kitu cha kusukuma. Basi nikaweka chipu ya kupima mkondo wa umeme (ile tunaita kuranti), nikaandika mu programu: kama mkondo unashuka chini ya 5.5 kwa sekunde kumi mfululizo, zima. Nyumbani nilijaribu na ndoo ya maji, nikaondoa ndoo, pompi ikazimika. Nilifurahi sana. Ku shamba, siku ya tatu, kisima kikakauka saa saba mchana. Pompi ikaendelea kuzunguka kavu, na kiyo cha kisanduku kilikuwa kinaandika 5.6. Haikufika chini ya 5.5 hata mara moja. Raba ikaungua, na kipande cha kubadilisha kilichukua siku tisa kufika. Wale munajua kitunguu wakati kinajaza kichwa, munajua siku tisa bila maji mu joto la Ruzizi ni nini.

Nilikaa na ile chipu wiki mbili. Ninawaandikia kile nilielewa, sababu wengi wetu sasa tunatengeneza visanduku vya namna hii: vya pompi, vya kuveze ya mayai, vya batri ya sola. Na wengi wanarudia kosa langu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1879, ku chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, mwanafunzi mmoja wa doktora aliyeitwa Edwin Hall alikuwa anasoma kitabu cha Maxwell juu ya umeme na sumaku. Maxwell alikuwa ameandika kwamba sumaku inasukuma waya wenyewe, haisukumi umeme unaopita ndani yake. Hall hakukubali. Akachukua karatasi nyembamba sana ya dhahabu, akaibandika ku kiyo, akapitisha umeme kwa urefu, akaweka sumaku yenye nguvu kwa kuikata wima, na akapima kati ya kingo mbili za pembeni. Akapata volti ndogo pale ambapo haikupaswa kuwa na kitu. Na muangalie tarehe: elektroni yenyewe iligunduliwa mwaka 1897, miaka 18 nyuma. Hall aliona alama ya kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anakijua.

Kinachotokea ni hiki. Mizigo ya umeme inatembea mbele, sumaku inaisukuma pembeni, inajazana ukingo mmoja. Sawa vile watu wanatoka ku misa na mvua inawapiga kushoto, wote wanajibana ku ukuta wa kuume. Ukingo mmoja ukijaa na mwingine ukipungukiwa, kunakuwa volti kati yao. Sumaku ikiongezeka, volti inaongezeka. Ikigeuka upande, volti nayo inageuka alama.

Na sababu gani leo tunatumia silikoni (si ile gundi ya kuziba madirisha, ni ile ya kutengeneza chipu) na hapana shaba au dhahabu? Mu shaba mizigo iko mingi kupita kiasi. Juu iko mingi, kila mmoja anatembea polepole kabisa, na kinachotembea polepole kinasukumwa kidogo. Silikoni iliyotiwa uchafu kwa kipimo iko na mizigo michache inayokimbia. Volti inayotoka ni kubwa zaidi, na juu ya bamba lile lile unaweza kujenga amplifaya na vyote vingine. Bei inashuka hadi dola chache.

Sasa, mkondo unaingia namna gani mu habari ya sumaku? Kila waya wenye mkondo unazungukwa na sumaku yake. Ampere 10, kwa umbali wa milimita moja toka katikati ya waya, zinatoa militesla 2. Kwa sentimita moja, inabaki mara kumi chini. Sumaku ya dunia yenyewe iko kati ya mikrotesla 25 na 65, kulingana na mahali, kwa hiyo militesla 2 si kitu cha kudharau, lakini pia si nyingi. Ndiyo maana waya unapaswa kupita karibu kabisa na silikoni. Mu chipu niliyotumia, ACS712 ya Allegro, mkondo unaingia mu kipande cha shaba kinachopita ndani ya chipu, chini ya bamba la Hall, bila kuligusa. Shaba ile iko na rezistansi ya miliohm 1.2 tu. Ampere 30 zikipita, joto linalotoka ni kama wati moja. Na sababu haigusani na upande wa kupima, umeme mkubwa wa pompi na umeme mdogo wa Arduino hazikutani. Mtu akishika kiyo, hashiki volti za pompi.

Inatoa nini? Volti. Bila mkondo wowote, na ukiilisha volti 5, inatoa volti 2.5, nusu kabisa. Mkondo ukienda mbele, inapanda. Ukirudi nyuma, inashuka. Ile ya ampere 5 inapanda milivolti 185 kwa kila ampere, ile ya 20 inapanda 100, na ile ya 30, niliyonunua, inapanda 66 tu. Muweke ile 66 mu kichwa, na ile nusu pia. Njo zilitumaliza.

Kugundua ubovu, kwanza. Watu wanafikiri kapta ya mkondo ni ya kusema "ampere ngapi" basi. Hapana. Mkondo ni sawa vile mapigo ya moyo ya motere. Pompi ya kuzungusha maji kama yetu: ikikwama jiwe, mkondo unaruka mara kadhaa juu ya kawaida na waya zinaanza kuungua. Ikikosa maji, unashuka. Mtu akifunga robine ya kutoka, unashuka pia, sababu maji inazunguka mle mle bila kusafiri, na hii inachanganya watu wengi: wanafikiri ukifunga robine motere inateseka. Mpira ukipasuka shambani, maji inatoka kwa wingi bila kizuizi na mkondo unapanda kidogo. Kombole zikianza kuisha, unapanda polepole, wiki kwa wiki. Namba moja, magonjwa mengi. Lakini muone: kati ya afya na kavu, kwetu, kulikuwa tofauti ya ampere 3.5. Hakuna nafasi kubwa ya kukosea.

Kuna ubovu unaohitaji haraka. Mu mashine kubwa, zile zinazogeuza umeme wa pano kuwa umeme wa nyumba, waya mbili zikigusana transista zinaweza kubeba ule mkondo wa hatari kwa mikrosekunde kama 10, kisha zinapasuka. Kwa hiyo wenye kutengeneza chipu walifanya njia mbili ndani yake. Njia ya kwanza ni ya kupima: inachuja, inasafisha, inatoa namba nzuri, lakini inachelewa. Njia ya pili ni ya kupiga kelele: alama ghafi inalinganishwa mara moja na mpaka uliowekwa, na ikipita, mguu mmoja wa chipu unashuka chini mu mikrosekunde chache. Haisemi ampere ngapi. Inasema tu: imepita. Chipu kama ACS711 iko na mguu ule, na ukishashuka unabaki chini hadi uondolewe umeme na kurudishiwa. Wengine wanachukia ile tabia ya kung'ang'ana. Mimi naipenda. Kitu kikigusana, sitaki mashine ijaribu tena yenyewe mara mia mbili usiku.

ACS712 yangu haina mguu ule, lakini kwa pompi ya shamba sihitaji mikrosekunde. Nahitaji sekunde, na nahitaji sifuri ya kweli.

Kuna pia ubovu wa kapta yenyewe, na hapa watu wengi wanalala. Ile ya ampere 30, ikiwa na mkondo kamili mbele inafika karibu volti 4.5, na kamili nyuma karibu 0.5. Basi ukisoma 0.1 au 4.9, ule hauko mkondo. Ni waya umekatika au umegusana. Muweke rezistansi ya kilo-ohm 100 kati ya waya wa alama na masi, ku upande wa Arduino: panya akikata waya, kisomaji kinashuka hadi sifuri volti, na programu inajua. Bila ile rezistansi, waya uliokatika unaelea na unaokota namba yoyote toka hewani, hata namba inayofanana na pompi yenye afya.

Sasa tufike ku sifuri.

Bamba la Hall, munaweza kulichora kama mraba wenye miguu minne. Miguu miwili ya kukabiliana inaleta umeme, miwili mingine inasoma volti. Kama bamba lingekuwa kamili, bila sumaku miguu ya kusoma ingesoma sifuri. Lakini hakuna bamba kamili. Mguu mmoja umechorwa pembeni kwa sehemu ya mikromita, uchafu haukutawanyika sawasawa, na plastiki iliyofunika chipu inabana silikoni upande mmoja kuliko mwingine, na silikoni ikibanwa inabadilisha rezistansi. Matokeo: unasoma volti hata bila mkondo. Ile inaitwa ofseti, kosa la sifuri. Na si ndogo. Mu bamba ghafi la silikoni inaweza kulingana na militesla kadhaa, ni kusema kubwa kuliko ile militesla 2 tunayotafuta kupima. Chipu ingesema ampere 20 na waya haina kitu.

Mtu atasema: si unaondoa tu ile namba, basi? Ungeondoa kama ingebaki paleple. Inahama. Joto likipanda, inahama. Plastiki ikinyonya unyevu wa masika na kuvimba, inabana namna nyingine, inahama tena. Miaka ikipita, hivyo hivyo. Ukiondoa ya asubuhi, ya mchana ni nyingine.

Dawa waliyopata ni ya akili sana, na wamama wa soko wanaweza kuielewa kuliko sisi. Chukua mizani ya sahani mbili yenye mkono mmoja mrefu kidogo kuliko mwingine. Ukiweka mzigo kushoto, inakudanganya upande mmoja. Ukibadilisha, mzigo kuume na mawe kushoto, inakudanganya upande mwingine. Chukua katikati ya vipimo viwili, na udanganyifu unaisha karibu wote, bila hata kujua mkono gani ni mrefu. Mu chipu wanafanya vile. Mara ya kwanza umeme unaingia kwa miguu ya kaskazini na kusini, wanasoma mashariki na magharibi. Mara ya pili wanageuza kwa digrii 90: umeme unapita mashariki-magharibi, wanasoma kaskazini-kusini. Volti ya kweli ya Hall inabaki na alama yake, ile ya kosa inageuka.

Tuseme ya kweli ni milivolti 0.5 na kosa ni 3. Mara ya kwanza unasoma 3.5. Mara ya pili unasoma 0.5 kutoa 3, ni kusema -2.5. Jumlisha, inakuwa 1. Gawa kwa mbili: 0.5. Kosa lilikuwa mara sita ya ukweli, na limekufa. Chipu inazungusha vile mara laki kadhaa kwa sekunde, bila kupumzika, ndiyo maana hata joto likibadilika na kosa likihama, linauawa upya kila mara. Hii ni tofauti kubwa na kuondoa namba moja iliyoandikwa siku ya kiwanda.

Inalipwa lakini. Ule mtikisiko wa kugeuka-geuka unapaswa kuchujwa, na kuchuja ni kuchelewa. Ile njia ya kelele niliyosema juu inafaa juu ya hii. Na kinachobaki hakifiki sifuri kabisa, sababu bamba linapashwa joto na umeme wake mwenyewe na halifanyi sawasawa kwa pande zote. Kinabaki makumi ya mikrotesla, au chini. Kwa kile kilichobaki, chipu nzuri ziko na kipima-joto ndani na meza ndogo ya namba: kwa joto hili ongeza hivi, kwa joto lile punguza vile. ACS712 inageuza umeme namna ile, na inaandikwa namba zake za marekebisho kisha kufungwa mu plastiki, hapana mbele. Sababu mumeshaijua: plastiki yenyewe njo inabana.

Sumaku za jirani ni shida nyingine, na kuzungusha hakusaidii kitu pale, juu chipu haiwezi kujua sumaku imetoka wapi. Nilijaribu: nilisogeza sumaku ya kipaza sauti kibovu karibu na kisanduku, ampere zikaruka bila pompi kuwaka. Waya mwingine wenye ampere 30, sentimita 3 pembeni, unaleta mikrotesla 200. Kuna chipu mpya zaidi zenye bamba mbili: mkondo unazunguka kwa namna kwamba sumaku yake inaingia bamba moja kwa juu na lingine kwa chini, wakati sumaku ya jirani inaingia zote mbili sawa. Unatoa moja ku nyingine, ya jirani inapotea. Mukipata ile, muchukue ile. Musipopata, muweke kapta mbali na motere na rele, na waya kubwa musizipitishe sambamba nayo.

Kwa hiyo nilijua haya yote na bado nilikuwa sina jibu. Joto? Nilipasha kisanduku juani, sifuri ikasogea kidogo kabisa, haifiki ampere moja. Sumaku? Nilisogeza vyote mbali. Hakuna. Usiku mmoja nikachukua multimetri nikapima si alama, nikapima chakula cha chipu. Nyumbani, na USB ya kompyuta kupitia waya mrefu wa bei ya chini: volti 4.85. Ku shamba, na regulateri ya kisanduku: volti 5.00 safi.

Munakumbuka ile nusu? Chipu haitoi 2.5. Inatoa nusu ya kile unailisha. Nyumbani sifuri ilikuwa 2.425, nikaiandika mu programu kama ukweli wa milele. Ku shamba sifuri ikawa 2.500. Tofauti milivolti 75. Gawa kwa 66: zaidi ya ampere moja, imetoka hewani. Pompi kavu ilikula 4.5, alama ikawa 2.5 kujumlisha 0.297, ni 2.797. Programu yangu ikatoa 2.425, ikagawa kwa 66, ikapata 5.6. Juu ya 5.5. Njo ile namba wamama walikuwa wanaangalia ku kiyo wakati raba inaungua.

Kama ningesoma alama na Arduino yenyewe, ambayo mara nyingi inatumia chakula kile kile kama kipimo chake, makosa mawili yangefutana: chakula kinashuka, alama inashuka, kipimo nacho kinashuka. Lakini nilitaka usahihi zaidi, sababu Arduino ya kawaida inakata volti 5 vipande 1024, kila kipande karibu milivolti 4.9, na kwa chipu yangu ile ni ampere 0.07. Nikaweka kisomaji cha pembeni, ADS1115, chenye kipimo chake cha ndani kisichotikisika. Usahihi mwingi, ku kitu kisichofaa. Sasa ninasoma na chakula pia, ku mguu mwingine wa kisomaji kile kile (kupitia rezistansi mbili za kukigawa), na ninahesabu nusu yake kila mara.

Kitu cha pili nilibadilisha: kila alfajiri, mbele ya jua kupanda, rele ikiwa imefunguka na pompi imelala, kisanduku kinasoma mara mia mbili, kinachukua wastani, kinaandika ile kama sifuri ya siku. Ni sawa vile mnunuzi anapima beseni tupu mbele ya kutia mahindi. Lakini kuna mtego. Rele za bei ya chini zinaweza kushikamana ndani, vyuma viwili vinaungana, na pompi inaendelea kula mkondo hata umeagiza zima. Kisanduku kikijifundisha sifuri wakati ule, kitajifundisha kwamba ampere 8 ni sifuri. Basi niliweka mpaka: sifuri ya asubuhi ikitofautiana na nusu ya chakula kwa zaidi ya milivolti 30, haikubaliwi, inawasha taa nyekundu. Ofseti ya kweli iliyobaki haifiki pale. Ikifika, ni rele, au waya, au chipu imekufa, na mtu anapaswa kuja kuangalia.

Wale wenye kuhesabu batri, musome hii kipande mara mbili. Pompi inasamehe kosa la ampere 0.15. Batri haisamehi, juu inajumlisha. 0.15 kwa masaa 24 ni 3.6 ampere-saa. Mu siku kumi ni 36. Kama batri yako ni ya 100, kiyo kinaweza kukuandikia theluthi ya batri ambayo haiko. Mtu wa kuveze anaenda kulala akiona 60, na usiku mayai inapoa. Kwa batri, musitegemee kapta peke yake: batri ikijaa kabisa, mupime volti zake zikiwa zimetulia na murudishe hesabu ku 100. Na musinunue ya ampere 30 kama mzigo wenu ni 3. Ya ampere 5, kwa milivolti 185, kosa lile lile la volti linakuwa karibu mara tatu chini.

Motere ikianza, kwa sekunde moja hivi mkondo unaruka juu sana, hiyo ni kawaida, programu ifumbe macho kwa sekunde mbili kisha ianze kuhukumu. Na kisha kuzima kwa ukavu, mwanzoni nilikuwa ninajaribu tena kila dakika tano. Kosa. Kisima chetu kinahitaji karibu dakika arubaini kurudisha maji, kwa hiyo pompi ilikuwa inawaka kavu mara nane bure. Mama mmoja njo aliniambia, hakuhitaji kapta: "Mtoto yangu, kisima kinapumua polepole, uliza sisi."

Sasa kisanduku kinangoja dakika 45. Kiangazi hiki kimezima pompi mara nyingi, na raba ni ile ile tuliyoweka mwaka uliopita. Taa nyekundu imewaka mara moja, asubuhi moja ya mwezi wa saba. Nilienda na pikipiki nikifikiri ni rele. Ilikuwa mjusi, amelala juu ya waya za chakula, mmoja ametoka ku nafasi yake.